Wayo wa Kubadilisha

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Wayo ni sehemu ya chini ya mguu, ile inayokanyaga. Na wayo ni alama ibakiayo mchangani baada ya mguu kwenda zake. Watu wa pwani, ambao mara mbili kwa siku huyaona maji yakiufuta mchanga, hawakuona haja ya kukitenganisha kiungo na athari yake. Anayekanyaga ameacha kitu, na kilichoachwa kina mwenyewe. Soli ilikuja baadaye, ikifuatana na kiatu, na ilikuja na ahadi kwamba mguu utaweza kukanyaga pasipo kuguswa na kile unachokikanyaga. Ahadi hiyo ni nzuri kwa mwenye mguu. Juu ya kile kinachokanyagwa haikusema neno.

Katika mito ya milima ya Marekani, wavuvi wa mshipi huvaa kiatu kilichoivuta ahadi hiyo mpaka mwisho wake. Kwa umbo ni buti la kamba, lifikalo juu ya kifundo cha mguu, linalovaliwa juu ya soksi nene za mpira zilizounganishwa na suruali isiyopenya maji. Kinacholitenga na mabuti mengine ni kwamba soli yake hutoka. Chini ya kiatu pana mifuo na vijino. Soli husukumwa kuanzia upande wa vidole, ikavutwa kisiginoni, na ulimi mdogo wa mpira ukafungwa kwenye kishikizo. Ni kazi ya dakika mbili tatu. Mwenye jozi moja ya viatu huweza kuwa na jozi tatu za soli: za mpira mtupu kwa ajili ya njia, za mpira wenye njumu za chuma kigumu kwa ajili ya miamba, na za felti kwa ajili ya mawe yenye utelezi.

Felti ni nyuzi zilizoshindiliwa pamoja hadi zikawa kama zulia nene. Si kitu cha kutazamwa mara mbili dukani, lakini ndani ya mto hakuna kilichokuwa kikiaminiwa kuliko hiyo. Mpira hukaa juu ya ule ute wa kijani unaolifunika jiwe, na ute ukiteleza mpira nao huteleza. Nyuzi za felti hupenya ule ute, zikalifikia jiwe lenyewe na kulishika. Hata hivyo felti nayo ina kasoro zake. Kwenye njia ya changarawe huliwa upesi. Kwenye theluji hujikusanyia donge mpaka mtu akatembea kama aliyefungiwa mawe miguuni. Njumu, kwa upande wake, hushika vizuri mwambani, lakini huichana sakafu ya mashua, na mwenye mashua hazitaki. Kwa hiyo aliyebuni soli ya kubadilisha hakubuni upuuzi. Aliona kwamba siku moja ya uvuvi ina ardhi tatu, na mguu mmoja hauwezi kuzitumikia zote.

Mzaliwa mmoja wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, alivivaa viatu hivyo kwa misimu mitatu katika mto Madison. Alikwenda Montana kusoma mwaka 1993, katika mji wa Bozeman, akapata kazi, akaoa, akazaa, na miaka ikamkalisha. Utotoni mwake, wakati wa bamvua, bahari inapojivuta hadi kwenye mwamba wa nje, alikuwa akimfuata mama yake kutafuta pweza. Mama hakuwa na viatu, naye hakuwa navyo. Alichofundishwa ni kwamba mguu una macho: haunyanyuliwi ukatupwa, huburuzwa taratibu juu ya mchanga, ili taa aliyejifukia apate kusikia na kujiondokea kwa heshima yake. Ilikuwa adabu ya kuingia nyumbani kwa mtu kabla ya kuwa hadhari.

Mto Madison haukuijua adabu hiyo. Huanzia ndani ya Hifadhi ya Yellowstone, pale mito Firehole na Gibbon inapokutana, ukaingia Montana, na mwishowe ukajiunga na Jefferson na Gallatin kuuzaa mto Missouri. Kitanda chake katika sehemu nyingi ni mawe ya mviringo, makubwa kama madafu, na kila dafu kama lililopakwa mafuta. Maji ni ya theluji iliyoyeyuka, na mkondo hausimami. Baharini anayeanguka huanguka ndani ya maji. Huku anayeanguka huanguka ndani ya safari, kwa kuwa mto humchukua. Kijana wa miaka ishirini aliangukia huko akacheka. Mwanamume aliyekaribia hamsini, mwenye goti lililokwisha kupasuliwa, hakucheka tena. Baridi ya mto ule humwondolea mtu nguvu za mikono kabla hajakumbuka kuogopa.

Ndipo mwaka 2019 alipovinunua viatu vile vya soli za kubadilisha. Sababu haikuwa goti peke yake. Mwaka 2018 Hifadhi ya Yellowstone ilikuwa imepiga marufuku soli za felti katika maji yake yote. Nje ya mpaka wa hifadhi, upande wa Montana, felti iliruhusiwa. Mto ukawa mmoja, sheria mbili. Asubuhi mtu aliyevua ndani ya hifadhi alipaswa kusimama juu ya mpira. Jioni, maili chache kwa mkondo, aliweza kusimama juu ya felti, ndani ya maji yaleyale aliyoyaaga asubuhi. Kiatu cha wayo wa kubadilisha kilikuwa jawabu la mtu anayevuka mpaka ambao maji hayaujui.

Msimu wa kwanza kiatu kilikuwa kama kilivyosifiwa. Soli zilitoka na kuingia, kamba zilikaza, na goti lilitulia. Msimu wa pili kilianza kusema kweli yake. Felti ilikuwa imeliwa kisiginoni, na hilo halikumsumbua, kwani ndilo lililotarajiwa: ilinunuliwa nyingine, ikapachikwa. Kilichomsumbua ni kwamba vile vijino vya kushikia soli vilikuwa vimelainika kingo, na changarawe ndogo ziliingia baina ya soli na mfuo, zikasaga pande zote mbili kila alipopiga hatua. Bandu bandu huisha gogo. Msimu wa tatu, mwezi wa Agosti, katikati ya mkondo, alihisi mguu wa kushoto umekuwa mzito na mlegevu kwa pamoja. Soli ya felti ilikuwa imeshikilia vizuri mahali pake. Iliyoachia ni ile sehemu ya chini ya kiatu, yenye mifuo na vijino, iliyokuwa imegandishwa kwa gundi kwenye uso wa kiatu. Ilikuwa ikining'inia kisiginoni kama ulimi wa mbwa. Alitoka mtoni kwa magoti na mikono, akishika jiwe baada ya jiwe.

Hiyo ndiyo siri ya viatu vya majini ambayo muuzaji haitangazi. Soli, kitu ambacho kila mtu hukiangalia, aghalabu si mahali kiatu kinapofia. Kiatu hufia kwenye kiungo. Kila siku huloweshwa na kukaushwa, hupanuka na kusinyaa, na vitu viwili vilivyogandishwa pamoja havisinyai kwa kipimo kimoja. Ukikiacha ndani ya gari siku ya jua, joto huilainisha gundi. Ngozi, iliyokuwa ikitumiwa zamani, hukauka ikawa ngumu na kupasuka. Vitambaa vya kiwandani hukauka upesi, lakini mishono yake hukatika kwa mchanga. Na ipo aina ya povu la plastiki linalowekwa baina ya soli na wayo ambalo unyevu hulivunja kidogo kidogo, hata kiatu kikiwa kabatini bila kuvaliwa, mpaka siku moja likamwagika kama makombo ya mkate. Kiatu cha namna hiyo huzeeka kwa kungojea.

Duka lilimjibu kwa ustaarabu kwamba muda wa dhamana ulikuwa umepita, likamwonyesha picha ya kiatu kipya. Soli zake tatu za zamani, mbili kati yake zikiwa bado nzima, hazikuingia katika kiatu kipya hicho, maana mifuo ilikuwa imebadilishwa. Hapo akaona kitu kilichomkera kuliko kuanguka: alikuwa ameuziwa kiatu kwa sababu soli yake hubadilika, na sasa soli nzima zilikuwa zikitupwa kwa sababu kiatu ndicho kilichobadilika.

Alimpigia simu mjomba wake, fundi wa vyombo aliyeishi Nungwi, mzee ambaye mikono yake ilikuwa imejenga na kutengeneza mashua na majahazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakupiga kwa ajili ya viatu. Alipiga kumjulia hali. Lakini viatu vikaingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Watoto hawajambo? Na baridi ya huko?"

Baada ya watoto na baridi, alimweleza. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Viatu vya kuingilia majini! Na ile miguu uliyopewa na Mungu umeiacha wapi?" Kisha akanyamaza, akauliza kama anayeuliza juu ya chombo: "Hebu nambie, kimeachia wapi? Ubaoni au msumarini?"

"Msumarini, mjomba. Ubao mzima. Gundi ndiyo iliyoachia."

"Basi huna kiatu kibovu wewe. Una kiungo kibovu. Jahazi la misumari ya chuma halianzi kuoza ubao. Msumari hushika kutu, kutu hula ubao pembeni yake, tundu hupanuka, na siku ya siku unaona ubao mzuri kabisa umeachia. Watu husema ubao umeoza. Ubao haukuoza, umeozeshwa na aliyeushika."

"Nifanyeje?"

"Watu wa mtepe walifanyaje? Hawakupiga msumari. Walishona. Na kilichoshonwa hushonwa tena."

Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulikwisha kutoweka katika bahari hizi kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 20. Haukuwa chombo kikavu. Maji yaliingia na kufutwa. Lakini ulijengwa na watu waliojua tangu mwanzo kwamba kiungo kitachoka, wakachagua kiungo ambacho mkono wa binadamu unaweza kukifungua na kukifunga upya. Kudumu kwao hakukuwa ugumu wa kitu. Kulikuwa uwezekano wa kukirudia. Gundi hairudiwi na mvuvi jikoni kwake. Huahidi milele, na ikishindwa hushindwa yote mara moja.

Akanunua msharasi na uzi wa nailoni uliotiwa nta. Akazitoboa kingo za kiatu tundu baada ya tundu, akashona kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, kazi iliyomchukua siku mbili za Jumapili na kumtoboa kidole gumba. Kiatu kilirudi mtoni. Kwa hesabu ya uimara, kisa kingeweza kukomea hapo, na kingekuwa kisa chema chenye mafunzo yake: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini limebaki swali ambalo sheria ya mwaka 2018 ilikuwa ikiliuliza. Kwa nini hifadhi ikataze zulia la kukanyagia?

Jibu linaanzia kwenye sifa ileile ya felti. Nyuzi zinazolishika jiwe huyashika na maji, tope, na kila kinachoishi ndani yake. Mpira hukauka kwa muda mfupi. Felti nene hubaki na unyevu moyoni kwa siku nyingi, hata ikiwa kavu kwa kuguswa. Mvuvi hupanda gari, hupanda ndege, na kesho yake hushuka katika mto mwingine, akiwa amebeba miguuni matone ya mto wa jana. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hapa kimo kiatuni, na anayeliwa si mwenye kiatu.

Mwaka 1987 konokono wa tope wa New Zealand, mdogo kama punje ya mchele, aligunduliwa katika mto Snake, jimbo la Idaho. Huko ugenini karibu wote ni majike, na jike huzaa pasipo dume. Mmoja tu aliyejibanza kwenye kamba ya kiatu anatosha kuanzisha taifa. Penye unyevu huishi nje ya maji kwa siku nyingi. Samaki akimmeza huweza kumpitisha tumboni akiwa hai. Mwishoni mwa mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya kijana wa Jambiani kufika Montana, ilibainika kwamba mto Madison una maradhi ya kizunguzungu cha samaki. Ni kimelea cha asili ya Ulaya, kinachoingia katika gegedu za trauti wachanga, mkia ukageuka mweusi, na samaki akawa anazunguka akijifukuza mwenyewe mpaka anakufa. Akishakufa, vijimbegu vyake hushuka topeni, humezwa na minyoo, humo vikabadilika umbo na kutoka kutafuta samaki wengine. Vijimbegu hivyo hustahimili baridi, na hupita matumboni mwa ndege bila ya kudhurika. Katika sehemu ya juu ya Madison, trauti wa upinde wa mvua walipungua kwa kiasi cha asilimia 90. Hakuna aliyethibitisha ni nani aliyekileta kimelea hicho mtoni, wala kwamba kililetwa na kiatu. Lakini tangu hapo kila aliyesimama katika mto ule alianza kuitazama miguu yake kwa jicho jingine.

New Zealand, iliyowatoa konokono, ilipata mgeni wake. Mwaka 2004 ilionekana katika mto Waiau wa kusini didimo, aina ya mwani wa hadubini ambao hutanda juu ya mawe kama sufi chafu. Mwaka 2005 Kisiwa chote cha Kusini kikatangazwa kuwa eneo la udhibiti, na mwaka 2008 soli za felti zikapigwa marufuku kwa wavuvi wa nchi nzima. Majimbo ya Marekani yakafuata: Vermont na Maryland mwaka 2011, Alaska mwaka 2012, na mengine. Kampuni moja kubwa ya viatu ilitangaza kwamba inaiacha felti kabisa, na baada ya miaka michache ikairudisha, kwa kuwa wavuvi walikuwa wakianguka.

Msomaji wa visiwani hahitaji kwenda mbali ili kuelewa. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja kwa makusudi, ili ale taka za mji. Alikula taka, na alipozimaliza aliendelea na mayai na makinda ya ndege wa kisiwa. Zaidi ya karne imepita na serikali baada ya serikali zimempiga vita. Bado analala mwembeni. Aliyemleta hakuwa na nia mbaya. Alifikiri anabeba dawa. Mvuvi wa felti hafikiri kwamba anabeba kitu chochote, na hapo ndipo wanapotofautiana.

Kwa pande zote mbili mambo si mepesi. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye Montana ilimlilia, si mwenyeji wa Madison. Wala trauti wa kahawia, aliyetoka Ulaya, si mwenyeji. Waliletwa katika karne ya 19 kwa ajili ya mchezo, na walimsukuma pembeni samaki mwenyeji. New Zealand nayo haikuwa na trauti mpaka walipopelekwa katika miaka ya 1860. Hata mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya ilitiwa trauti mwaka 1905. Mvuvi anayesugua viatu vyake ili kuulinda mto anamlinda mgeni wa jana dhidi ya mgeni wa leo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wenye nyumba; lakini mto haukuwahi kuulizwa kama unahitaji kuponywa, wala nani awe mwenyeji wake.

Elimu nayo ilijirudi. Mwaka 2014 watafiti wa didimo walieleza kwamba katika mito mingi ya Marekani ya Kaskazini mwani ule huenda ulikuwapo tangu kale, na kwamba kinachoufanya utande ni kupungua kwa fosforasi majini, si kufika kwake miguuni mwa watu. Vermont ikaifuta sheria yake mwaka 2016. Wapo walioshangilia kana kwamba felti imetakaswa. Haikutakaswa. Konokono hakuhusika na utafiti ule, wala kimelea cha kizunguzungu. Kilichoanguka ni shtaka moja kati ya kadhaa, na mshtakiwa alibaki na unyevu wake.

Hapa ndipo sifa ya uimara inapogeuka na kumtazama mtu usoni. Mvuvi akinunua kiatu huuliza: kitadumu miaka mingapi? Swali ni la haki, kwa kuwa fedha ni za jasho. Lakini kadiri kiatu kinavyodumu, ndivyo kinavyozidi kuwa na mito mingi ndani yake. Kiatu kinachokufa msimu wa pili kimekanyaga mito miwili. Kilichoshonwa upya kwa nailoni kinaweza kukanyaga ishirini. Na ndani ya kiatu hicho mnaweza kuwamo vitu vinavyodumu kuliko gundi na kuliko mshono: konokono asiyehitaji mume, kijimbegu kisichoogopa baridi. Dhamana ya kiatu ilikuwa ya miezi kadhaa. Wao hawana dhamana, na wamedumu.

Wala soli ya kubadilisha haimwokoi mtu hapo. Inamwezesha kuitii sheria ya pande zote mbili za mpaka, na hilo si dogo. Lakini ukiitoa felti na kupachika mpira, umebadilisha wayo tu. Kiatu ni kilekile, chenye ulimi wa sifongo, kamba zilizosukwa, na mishono ambamo tope la jana limejificha. Tena mfuo wenyewe, ule unaoruhusu soli itoke, ni pango jipya la kuhifadhia changarawe na maji. Kitu kilichobuniwa ili kuepusha jambo kimelifungulia chumba cha ziada.

Dawa iliyobaki ni ya kizamani na inachosha: kutazama, kuosha, kukausha. New Zealand huwaambia watu wake kwamba kitu kisichonyonya maji kichovywe katika maji ya moto yaliyozidi nyuzi 60 kwa dakika moja, au kigandishwe mpaka kiwe barafu tupu. Na kikianikwa, kikauke ndani na nje, kisha baada ya kukauka kiachwe saa 48 nyingine. Saa hizo za mwisho ndizo ngumu. Mtu huweza kuvumilia kuosha, maana kuosha ni kazi, na kazi humpa mtu kujiona mwema. Kungojea kitu ambacho tayari kimekauka ni jambo la imani.

Mzaliwa wa Jambiani sasa huweka soli zake ukutani mwa banda la gari, kila jozi na msumari wake, na juu ya kila msumari kibao cha jina la mto. Felti haitumii tena hata inaporuhusiwa. Mahali pake amechukua fimbo ndefu ya mti mgumu, ambayo humtangulia majini kama upondo, ikipapasa jiwe kabla ya mguu. Na mguu wenyewe haunyanyuki ukatupwa. Huburuzwa, kama mama alivyotaka. Wavuvi wenziwe hudhani ni kwa sababu ya goti.

Katika wiki ya kwanza ya Julai, kwenye Madison, hutoka majini wadudu wakubwa wa rangi ya machungwa, wakapanda vichaka vya kando, na trauti ambao mwaka mzima hujificha huja juu kuwala. Siku hizo ni chache na hazingoji mtu. Kuna wanaosafiri kutoka nchi nyingine kwa ajili yake. Mwaka mmoja habari zilimfikia Alhamisi jioni kwamba wadudu wametoka. Jumatano yake alikuwa amevua katika mto Snake, upande wa Idaho. Soli za mpira zilikuwa kavu kabisa, na soli nyingine za njumu hazikuwa zimeguswa tangu Mei. Ijumaa alfajiri, mshipi ukiwa tayari na gari limewashwa, alitia vidole ndani ya kiatu, chini ya ulimi, mahali ambapo sifongo hukutana na mshono alioushona mwenyewe. Palikuwa na ubaridi kidogo. Haukuwa umaji, ulikuwa ubaridi tu, ambao mtu mwingine angeuita kavu.

Alilizima gari. Kiatu akakirudisha juani, mdomo wazi, na akaingia ndani kuwapikia watoto chai.